Pombe Ina Siku Yake: Kusoma Fani ya Kilabu cha Chato

Sisi tuliofundishwa uhakiki kwa jozi ya fani na maudhui tunajua kwamba jozi hiyo haijawahi kugawana sawa. Maudhui hupewa kurasa kumi, fani hupewa aya moja ya mwisho, kengele ikiwa inakaribia kulia. Kilabu cha pombe ya kienyeji nacho kimepata bahati hiyo hiyo. Kila kinapotajwa gazetini au kwenye mkutano wa hadhara, kinatajwa kwa maudhui yake: ulevi, watoto waliokosa sare za shule, vijana wanaolewa mchana, vyombo visivyooshwa, na kwa upande wa pili akina mama wanaosomesha watoto kwa pipa moja la komoni. Yote ni kweli, na yote yamesemwa mpaka masikio yamezoea. Umbo lake halisemwi. Kilabu kinaanzaje na kinaishaje? Nani anakaa wapi? Kinywaji kinapimwa kwa nini, na kinapita mikononi mwa nani kabla ya kufika mdomoni? Nataka kukisoma kilabu cha Chato kama tunavyosoma tamthiliya, kwa kutazama kwanza kilivyojengwa.

Dai langu ni moja. Mwenye kilabu hakulibuni umbo lile. Aliyelibuni ni pombe yenyewe, kwa sababu pombe ya kienyeji inaharibika.

Chato ni mahali pazuri pa kulijaribu dai hilo. Mji uko kando ya Ziwa Victoria, upande wa kusini-magharibi. Ulimegwa kutoka Biharamulo ukawa wilaya mwaka 2005, ukiwa bado Kagera, kisha mwaka 2012 ukahamia mkoa mpya wa Geita. Kwa hiyo ni mji uliobadilishiwa mkoa bila kuhama, na mitungi yake ina uraia wa pande mbili. Wazinza, Wasubi na majirani zao Wahaya wana mkono wa pombe ya ndizi. Wasukuma, ambao wengi wao walisogea upande wa Geita kuanzia miaka ya 1940 na 1950 wakitafuta ardhi ya pamba na malisho, walikuja na mkono wa mtama. Wanaopita na mizigo kutoka Tabora wakaongeza wanzuki wa asali. Pombe hizi zina ladha tofauti na rangi tofauti, lakini zote zinatii kanuni moja ya muda.

Tuanze na ya nafaka. Mtama unalowekwa, unafunikwa mpaka uchipue, unaanikwa, unasagwa. Hicho ni kimea. Uji unapikwa kwenye pipa, unaachwa upoe, kimea kinatiwa, na kuanzia hapo kazi inatoka mikononi mwa mpishi. Mwanzoni ni togwa tu, tamu, na watoto wanakunywa. Baadaye pipa linaanza kuchemka bila moto. Ukiinamisha sikio unasikia mapovu yakipasuka polepole, kama mvua ya mbali juu ya bati. Inachujwa, machicha yanatengwa kwa ajili ya nguruwe au kuku, na pombe inafikia siku yake. Siku hiyo ina nguvu, ina utamu uliobaki kidogo, na ina ukali unaobana taya. Siku inayofuata utamu umeondoka. Ya tatu, anayeinywa ni yule asiye na pa kwenda.

Ya ndizi ina haraka zaidi. Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa kwa nyasi mpaka maji yatoke, juisi inamiminwa kwenye mtumbwi wa mti, mtama uliokaangwa na kusagwa unanyunyizwa juu, majani ya mgomba yanafunika kila kitu. Baada ya siku moja au mbili iko tayari, na kuanzia hapo inashuka.

Mhakiki yeyote anauona msuko hapo: mwanzo, kupanda, kilele, kuporomoka. Tofauti na hadithi ya kitabuni ni kwamba msuko huu hausubiri msomaji. Mwanamke aliyepika pipa la lita mia mbili ana siku moja nzuri ya kuliuza, na nyingine ya kuliuza kwa shida. Anahitaji watu wengi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kilabu kina umati. Tumezoea kusema Mwafrika anapenda kunywa na wenzake, na maneno hayo yana utamu wake, lakini yanaruka sababu iliyo wazi kabisa: pipa lazima liishe leo. Ushirika wa kilabu umeumuliwa pamoja na pombe yake. Mtu ambaye angekuwa na chombo cha kuihifadhi mwezi mzima asingehangaika kumwita jirani asiyempenda sana.

Kutoka hapo sifa nyingine za fani zinafuata zenyewe. Kilabu cha kijijini hakikuwa na haja ya kibao. Habari ilitembea kwa miguu: leo kwa mama huyu, kesho kutwa kwa yule wa ng'ambo ya mto. Wapikaji walipokezana siku, kwa kuwa mapipa mawili yakifika kilele siku moja kwenye kitongoji kimoja, wote wawili wanapata hasara. Hivyo kilabu kilikuwa tukio kabla ya kuwa nyumba. Nyumba zenyewe, hadi leo, zinakiri hilo: paa la nyasi au bati chakavu juu ya nguzo za miti, kuta nusu au hakuna kuta, sakafu ya udongo uliopigwa. Hakuna anayejenga kwa tofali za kuchoma jengo la kitu kinachodumu siku mbili.

Sasa tuingie ndani. Mabenchi yamepangwa kufuata kingo za banda, migongo ikielekea nje, nyuso zikielekea katikati. Katikati hakuna meza. Mpangilio huu unamnyima mtu faragha. Huwezi kukaa kilabuni ukatazama kitu kingine zaidi ya watu wenzako, na huwezi kuingia bila kusalimia, maana ukishavuka kizingiti uko mbele ya kila mtu. Kijana wa Kisukuma anayejua adabu anaanza na wazee, anainama, anasubiri aitikiwe, ndipo anatafuta nafasi, tena ya pembeni. Benchi refu lisilo na mgongo lina kazi yake pia: halina kipimo cha mtu mmoja. Anayekuja anasogezewa. Kilabu hakijai, kinabanana.

Kisha kopo. Siku hizi ni jagi la plastiki, au kopo la lita lililopoteza rangi kwa kushikwashikwa, na zamani ilikuwa kata ya kibuyu. Mama analizamisha kwenye pipa, anakoroga mara mbili ili nzito ya chini ipande, analiinua likiwa limejaa hadi ukingoni na povu linateremka kwenye vidole vyake. Kabla ya kulikabidhi anapiga funda dogo mwenyewe, mbele ya mnunuzi. Mgeni anaweza kudhani anapunja. Funda lile ni la kuapa: kilicho humu hakina sumu, na mimi ni wa kwanza. Mnunuzi anapuliza makapi yaliyoelea yasogee upande wa pili, anakunywa, anafuta mdomo kwa kiganja, halafu anampa aliye karibu naye. Kopo linazunguka. Aliyelinunua anajua litamrudia likiwa limepungua, na anajua pia kwamba la jirani litamfikia.

Katika fasihi simulizi tungeita hiyo kanuni ya zamu, na inatawala mazungumzo kama inavyotawala kinywaji. Aliye na kopo mkononi ndiye mwenye uwanja. Akimaliza funda ana haki ya kusema, na akilishikilia muda mrefu bila kunywa wala kupitisha, watamzomea kwa makosa mawili kwa mpigo. Nimewahi kusikia kesi nzima ya mpaka wa shamba ikisikilizwa kwa njia hiyo, kopo likipita kwa mlalamikaji, kwa mlalamikiwa, kwa babu aliyekuwa anaijua miti ya mpakani kabla haijakatwa. Hukumu haikutolewa. Pipa liliisha kwanza.

Kwa mwonekano huo kilabu kinafanana zaidi na baraza kuliko na baa. Lakini sitaki kukipamba. Tasnifu yoyote ya fani inayosahau mtu aliyeachwa nje ya duara ni uhakiki wa nusu. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971, ulevi wa Zakaria tunausoma nyumbani, kwa Regina mkewe na kwa mabinti zake. Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliliweka jicho lake mahali ambapo duara halifiki. Hesabu ya kopo iko mfukoni mwa mwanamume, ilhali hesabu ya uji wa asubuhi iko jikoni. Na hata hivyo anayechota pombe kilabuni mara nyingi ni mwanamke mwingine kama Regina, mwenye mabinti wengine wa kulisha. Umbo la kilabu linawaweka wanawake hao wawili kwenye pande mbili za sarafu moja, na hakuna ufundi wa benchi unaoliondoa hilo.

Mwana mwingine wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, aliiona pombe kutoka upande tofauti. Kitabu chake kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na hakikuchapishwa hadi mwaka 1980, kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe. Myombekere anayemtaka tena mkewe aliyechukuliwa na wazazi wake anatozwa pombe ya ndizi na wakwe. Kitereza haendi mbio. Anatuandikia kazi ya kutengeneza pombe hatua kwa hatua, na msomaji mwenye haraka hujikuta anafungua kurasa akitafuta mahali ambapo hadithi inaendelea. Hapo ndipo anapokosea. Hadithi inaendelea palepale, ndani ya mtumbwi. Pombe haiwezi kutozwa leo ikalipwa leo. Mkwe analazimika kungoja ndizi ziive, kuomba msaada, kushinda amechafuka, kubeba mzigo kabla haujapita siku yake. Faini ile ingetozwa kwa fedha ingechukua sentensi moja. Kwa pombe inachukua sura, na ndani ya sura hiyo mume anafundishwa subira ambayo ndoa yake ilikosa. Sijui mwandishi mwingine wa Kiswahili aliyeelewa vizuri zaidi kwamba pombe ya kienyeji ni saa.

Serikali, iwe ya mkoloni au yetu, ilikuja na saa nyingine. Mkoloni aliikusanya pombe ya mjini kwenye masoko yake ili aitoze ushuru na kuiona kwa jicho moja. Baada ya uhuru, Sheria ya Vileo ya 1968 iliendelea na leseni na saa za kufungua, na sheria ya mwaka 1966 ilikuwa tayari imeiweka gongo, ile inayokenekwa kwa moto, chini ya kifungo. Enzi za vijiji vya ujamaa, kilabu cha kijiji kiliweza kuwa mradi wa ushirika au wa akina mama wa Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT), chenye daftari la mapato na mweka hazina. Kwa mara ya kwanza kilabu kilipata mahali pa kudumu na zamu rasmi za wapikaji.

Ugomvi wa saa na siku haujaisha. Mkulima wa Chato anayeamka alfajiri amemaliza palizi kabla ya saa sita, jua likiwa bado halijamchoma utosini. Akiketi kilabuni saa saba mchana, kwa kalenda yake ni jioni. Kwa kalenda ya ofisi ni saa za kazi. Katika miaka iliyofuata 2015, kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu ilipoenea nchi nzima, wakuu wa mikoa na wilaya walitoa amri nyingi dhidi ya wanaokunywa pombe na kucheza pool asubuhi. Wapo walioguswa kwa haki, vijana ambao jembe hawalijui hata kwa picha. Lakini amri haikuwa na macho ya kumtofautisha aliyemaliza kazi na aliyekwepa kazi. Wote wawili wana kopo mkononi.

Adui mkubwa zaidi wa umbo la kilabu aliingia bila amri yoyote, akiwa ndani ya kreti.

Bia ya chupa haina siku. Iliyotengenezwa Mwanza mwezi uliopita na ya wiki hii zinakaa friji moja na hakuna anayeuliza. Kwa kuwa haiharibiki kwa haraka, haihitaji umati. Kwa kuwa haihitaji umati, haihitaji duara. Tazama baa ya barabarani Buseresere au Chato mjini: meza, viti vya plastiki vyenye nembo ya kampuni ya bia, ukuta uliopakwa rangi za kampuni hiyo hiyo, na televisheni iliyoning'inizwa juu ili kila kiti kielekee upande mmoja. Watu wanne wanaweza kukaa meza moja saa tatu wakiwa wametazama Ligi Kuu ya Uingereza bila kujua jina la aliye meza ya pili. Mhudumu anapokuja, swali lake la kwanza ni moja tu: ya moto au ya baridi? Kilabuni mnywaji ndiye anayeuliza, na anauliza: ya lini? Maswali hayo mawili yanatosha kuonyesha umbali kati ya fani hizi mbili. Moja inapima joto, nyingine inapima muda.

Chupa ina sifa nyingine ambayo kopo halina: inabaki. Ukimaliza kunywa haiondolewi mezani. Inasimama pale, na nyingine inaongezwa kando yake, hadi wakati wa hesabu. Kwa mhudumu hiyo ni njia rahisi ya kujua deni. Kwa mnywaji ni jukwaa. Anayeingia anaona kwa jicho moja nani ana kitu. Kopo linalozunguka halikuruhusu ushuhuda wa namna hiyo, maana ulichonunua kilishakwenda tumboni mwa watu sita. Kampuni za bia zilijua pia kuazima lugha ya walioachwa kilabuni. Bia ya Balimi, iliyolengwa sokoni kwa watu wa Kanda ya Ziwa, imewapa wakulima jina lao kwenye lebo, jambo ambalo ni ujanja wa kibiashara wa hali ya juu, hasa ukizingatia kwamba mkulima wa kawaida huinunua msimu wa kuuza pamba tu.

Chini ya chupa palikuwa na kiroba, kile kipakiti kidogo cha pombe kali. Kwa mtazamo wa fani, hakijawahi kutokea kinywaji kilichokikana kilabu kwa ukamilifu kiasi kile. Kilinywewa kwa meno na vidole, bila glasi, bila kiti, bila salamu, bila shahidi. Bodaboda aliweza kukimaliza kati ya abiria mmoja na mwingine na kukitupa mtaroni. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza kupigwa marufuku kwake, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, hoja zilizotolewa zilikuwa za afya, vijana na mazingira, na zilikuwa nzito. Mimi ningeongeza hoja ya umbo, ingawa najua hakuna bunge lingenisikiliza: kiroba kiliondoa kunywa kutoka machoni pa watu, na penye kunywa pasipo macho hakuna wa kumwambia mtu kwamba leo inatosha.

Hadithi ya kawaida ingeishia hapo. Chupa imeshinda, kilabu kimekufa, wazee wanasikitika. Ukanda wa dhahabu unaikataa hadithi hiyo.

Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Katikati na baada ya hapo wachimbaji wadogo wamekuwa wakihama kutoka rashi moja kwenda nyingine: Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu, na mashimo mengine yanayozaliwa na kufa kabla ramani haijachorwa. Katoro na Buseresere, miji pacha iliyoshonwa na barabara ya lami kwenye mpaka wa wilaya za Geita na Chato, imenenepa kwa fedha za mashimo hayo. Mchimbaji hana mshahara. Ana mgao. Anaweza kushuka duarani, yaani shimoni, wiki sita akila ugali wa mwenye duara bila kuona shilingi, kisha mawe yanatoka, yanasagwa kwenye karasha, yanapita mwaloni, na jioni ile ile ana fedha ambazo baba yake hakuwahi kuzishika kwa mavuno ya mwaka mzima.

Jiulize kilabu kingefanyaje mbele ya jioni hiyo. Hakiwezi. Pombe ya mtama inataka taarifa mapema. Lazima mtu awe amelowesha nafaka kabla bahati haijajulikana. Mkulima anajua pamba itauzwa lini, maana msimu unafunguliwa kila mwaka karibu na Mei, na sherehe za ngoma za Kisukuma za Wagika na Wagalu nazo hufuata mavuno. Mpishi aliweza kuhesabu kurudi nyuma. Mgao hauhesabiki. Bahati ya ghafla inataka kinywaji kilicho tayari saa yoyote, chenye bei ya kuonekana, kinachoweza kununuliwa kreti zima na kupangwa mezani. Kwa jioni ya mgao, chupa imeumbwa kwa kipimo.

Lakini jioni za mgao ni chache, na jioni nyingine ni nyingi. Duara likikauka, mchimbaji yule yule anapita mbele ya baa akiwa na haraka ambayo juzi hakuwa nayo, anazunguka nyuma ya nyumba, anainamia banda la nyasi. Pale kopo linauzwa kwa fedha ndogo au kwa kuandikwa. Mama anaandika kwenye daftari la shule lililokunjika, au anachora mstari wa mkaa kwenye nguzo. Na kama hana hata cha kuandikiwa, benchi litamsogezea nafasi na kopo la mwingine litampitia. Kwa hiyo bahati ya kilabu katika ukanda huu haikushuka moja kwa moja kama wengi wanavyoeleza. Inapanda pale dhahabu inaposhuka. Baa inaishi kwa mawe yaliyotoka, kilabu kinaishi kwa mawe yanayongojwa.

Ziwani kuna kalenda ya tatu, na naipenda kuliko zote. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukipevuka, taa hazina maana, mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, na wavuvi wa Muganza na Nyamirembe wanakuwa na fedha za giza lililopita na usiku mweupe usio na kazi. Huu ni muda unaotabirika. Mpishi anayeijua anga anaweza kulowesha mtama wake kwa kutazama mwezi, na pipa lake likafika siku yake pamoja na wavuvi. Mahali fedha inapokuja kwa ratiba, fani ya kilabu bado inafanya kazi vizuri kabisa.

Kuhusu Chato mjini sina mengi. Rais John Magufuli, mzaliwa wa huko, alikaa madarakani kuanzia Novemba 2015 hadi alipofariki Machi 2021, na katika miaka hiyo mji ulipata uwanja wa ndege, hospitali ya rufaa ya kanda na taa za kuongozea magari. Wenye mitaji walijenga hoteli na baa za kungojea wageni wengine zaidi. Wazo la kuufanya mji huo makao ya mkoa lilipamba moto mwaka 2021, kisha likapoa. Baa zilizojengwa kwa kungoja mkoa zina tatizo la fani lililo kinyume na la kilabu: zina kinywaji kisichoharibika na viti visivyo na watu.

Kitu kinachonivutia zaidi sasa ni mabadiliko madogo yaliyotokea ndani ya kilabu chenyewe, bila sheria wala kampuni. Majaba ya plastiki yameshuka bei na yanapatikana kila gulio. Mpishi wa maeneo ya machimbo, anayejua kwamba mteja anaweza kutokea siku yoyote, hapiki tena pipa moja kubwa la siku moja. Anapishanisha. Jaba moja ni togwa, la pili linachemka, la tatu limefika, la nne limeanza kuchacha na linauzwa nafuu. Kilabu chake kiko wazi kila siku. Kimepata kile ambacho baa ilikuwa nacho peke yake, na kimekipata bila friji wala umeme.

Kwa biashara ni akili kubwa. Kwa fani ni mapinduzi, kwa sababu kilele kimeondolewa. Zamani waliokaa benchi moja walikuwa wamelewa pombe moja ya siku moja. Sasa kwenye benchi lile lile kuna anayekunywa ya leo na anayekunywa ya juzi, na kopo linasita kuzunguka. Aliyelipia jipya hataki kulipokea chachu kutoka kwa jirani. Nimeanza kuona makopo mawili yakipita duara moja kwa mwelekeo tofauti, na pengine kila mmoja na lake, kama vile chupa. Wazee wanalitambua jambo hilo haraka kuliko wahakiki. Mzee anaingia, anasalimia benchi zima, anakaa, na kabla ya kuagiza anaelekeza fimbo kwenye majaba yaliyopangwa ukutani.

"Mama, lile la kona ni la lini?"

"La jana, babu. La leo ni hili hapa, lakini bei yake imezidi kidogo."

"Na hawa wanakunywa lipi?"

Mama anaangalia benchi, anahesabu kwa macho. "Wamechanganya, babu."

Mzee anafikiri, kisha anaagiza la jana, kwa sababu ndilo walilonalo wengi.